Nilivyomrekebisha Mama swing yake ya gofu mpaka mpira ukagoma kwenda

Wakuu, heshima yenu nyote.

Mimi humu ni msomaji wa kimyakimya. Nasoma nyuzi za watu, nacheka peke yangu, nafunga simu. Leo ndiyo mara ya kwanza nafungua uzi wangu, na nimeuandika mara nne nikaufuta mara tatu, kwa sababu kila nikiusoma naona kuna sentensi haijakaa sawa. Ndivyo nilivyo, mtanivumilia.

Ninachosimulia kimetokea, nilikuwepo, na sehemu kubwa nimekisababisha mwenyewe. Chumvi sitaongeza. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Nina miaka 24. Nafanya kazi kwenye uwanja mmoja wa gofu huku upande wa Usa River, kwenye chumba cha kukodisha vifaa. Mgeni anakuja, nampa fimbo na mipira, akirudi nasafisha fimbo moja moja na kuzipanga. Nazipanga kwa namba, nembo zote zikiangalia upande mmoja. Mtu akizichanganya nakosa raha mpaka nizirudishe. Nimeshaambiwa nikamuone daktari, asanteni, najua.

Kwa wasiojua gofu: swing ni ule mzunguko wa kupeleka fimbo nyuma na kuirudisha kupiga mpira. Unapiga mpaka mpira uingie shimoni, unahamia shimo lingine, mpaka yatimie kumi na nane. Mwenye mikwaju michache ndiye mshindi. Basi, hayo yanatosha kunifuata.

Gofu nilijifundisha mwenyewe. Kocha wangu ni simu. Nilikuwa naangalia video za wachezaji wakubwa, nazipunguza kasi, nasimamisha, naangalia kiwiko kiko wapi, kisha naenda kujirekodi na kulinganisha. Miaka mitatu hivyo. Video zangu mbaya nafuta papo hapo, hata simu isizikumbuke.

Na swing ikaja, wakuu. Sijisifu, ni nzuri. Wageni husimama kuangalia. Kuna mmoja aliwahi kumuuliza msimamizi wetu kama nilisomea nje.

Tatizo ni kwamba swing yangu ilikuwa nzuri kuliko mpira wangu.

Kwenye mazoezi napiga vizuri. Nikiwekewa kadi ya kuhesabia mikwaju mfukoni, mikono inatoa jasho, kichwani kuna maelekezo kumi na moja kwa wakati mmoja, na mpira unaingia kwenye miti. Na hapa naomba nikiri kitu cha aibu: mpira ukiwa kwenye miti, mimi nilikuwa nabaki nimesimama na fimbo yangu begani, kifua mbele, kama sanamu, ili anayeangalia kwa mbali adhani ndivyo nilivyotaka. Kadi nilikuwa nazichana. Katika miaka mitatu sikuwahi kurudisha hata moja iliyokamilika.

Sasa tuje kwa Mama.

Mama yangu anafanya kazi hapo hapo uwanjani, na yeye ndiye aliyeniombea kazi. Yuko kwenye kikosi cha nyasi. Mashine zinakata sehemu za wazi, yeye anakata kule mashine zisikofika: mitaroni, kwenye kingo za bwawa, chini ya miti. Anatumia fyekeo. Miaka kumi na miwili anafyeka. Akirudi nyumbani Nduruma anafyeka tena, majani ya ng'ombe.

Gofu alianza kwa bahati. Mgeni mmoja aliacha fimbo moja, namba saba, mpini umechubuka. Jumatatu mchana uwanja unafungwa kwa ajili ya matengenezo, na wafanyakazi tunaruhusiwa kucheza. Mama akaichukua ile fimbo akapiga mpira kwa namna pekee aliyoijua.

Yaani alifyeka.

Anatanua miguu kama anayevuka mfereji. Fimbo haipandi juu, inaishia kiunoni. Goti linakunjika, ulimi unatoka pembeni kidogo, anatoa mguno, "hm!", na akishapiga anapiga hatua moja mbele, kwa sababu mtu akifyeka husogea mbele kufuata nyasi zinazofuata. Anayemuona mara ya kwanza anacheka, hata awe mchungaji.

Lakini mpira unakwenda. Hauendi mbali sana, unakwenda chini chini, mnyoofu kabisa, kama umewekewa reli. Kila mara. Hakuna mwanamke pale kazini aliyewahi kumfunga.

Kila mwaka tuna shindano la wafanyakazi. Mwanamke wa kwanza anaingia kwenye timu inayokwenda kucheza na wenzetu wa viwanja vingine. Miaka ya nyuma ilikuwa viwanja vya hapa hapa jirani, unaenda asubuhi unarudi jioni; mwaka huu ilikuwa Morogoro.

Mama safari zake zote za maisha ni za misiba na harusi. Hii ingekuwa ya kwanza ambayo ni ya kwake. Hakuitangaza, lakini nilijua alivyoitaka, maana alikuwa ameshamuomba mwenyekiti wa kwaya ruhusa ya Jumapili moja, miezi miwili kabla. Mama hajawahi kukosa kwaya hata akiwa na malaria.

Basi kukatokea kitu kidogo. Kuna jamaa anaendesha mashine ya kukata nyasi, anaitwa Loishiye, mtani wa watu wote. Alimrekodi Mama akipiga, akaweka kwenye group la kazini. Kesho yake ikawa sticker: Mama yuko katikati ya ile hatua yake, ulimi nje, chini imeandikwa TUNAFYEKA.

Ikawa ndiyo jibu la kila kitu. Msimamizi akiandika kesho watu wawahi, sticker. Mtu akiuliza chakula kiko tayari, sticker.

Mama mwenyewe alicheka mpaka machozi. Akaniomba nimuonyeshe namna ya kuituma, akawa anaituma na yeye.

Mimi sikucheka. Kila ilipopita kwenye simu nilihisi kama mtu ananivua shati mbele za watu. Nilikuwa najiambia namhurumia Mama. Ukweli nilikuwa najionea haya mwenyewe: mtoto mwenye swing ya televisheni, mama yake ndiye huyu.

Jioni moja nikamkuta anachambua maharage. Nikamwambia, "Mama, nikufundishe swing nzuri kabla ya shindano?"

"Hii yangu ina ugonjwa gani?"

"Haina ugonjwa. Ila haipendezi."

Aliniangalia kidogo, akatupa jiwe moja dogo lililokuwa kwenye maharage.

"Haya baba. Nifundishe."

Tulikuwa na wiki sita. Kila nikitoka kazini nilikuwa naenda moja kwa moja nyuma ya banda la ng'ombe, pale pana kieneo cha wazi. Nilimwekea tofali mbili mbele ya vidole vya miguu ili asipige ile hatua. Nilimkunjia khanga nikambana nayo kwapani ili kiwiko kisitoke. Nilisimama nyuma yake, nikamshika mikono, tukawa tunapeleka fimbo nyuma pamoja, polepole, nikihesabu moja, mbili, tatu. Mguno nao nikaupiga marufuku.

Wakuu, Mama ni mwanafunzi mzuri. Haulizi mara mbili. Wiki ya tano nilimrekodi, na nilipoangalia ile video niliirudia mara tano. Alikuwa amenyooka, bega limezunguka, fimbo imepanda, imeshuka, amemalizia kwa utulivu. Mwanamke wa miaka hamsini na moja, kwenye gauni la shambani, amependeza!

Nikaiweka kwenye group. Loishiye akaandika, "Mama Eli amepata viza." Watu wakapiga makofi ya emoji. Siku hiyo nililala kama mtoto.

Kitu ambacho video haikuonyesha ni mpira. Nilikuwa nimeikata kabla haujatua. Mpira ulikuwa unakwenda hatua sitini, tena kulia, kwenye migomba ya jirani.

"Itakuja tu Mama," nilimwambia. "Ni process."

"Sawa baba. Process."

Siku ya shindano ikafika, Jumatatu. Mimi nilijitoa, nikasema mgongo unauma. Uongo mtupu, niliogopa kadi. Nikaomba nimbebee Mama begi, maana wafanyakazi huwa tunabebeana. Alipangwa na Upendo, dada wa jikoni, ambaye mwaka uliopita Mama alimfunga kwa mikwaju tisa.

Shimo la kwanza fimbo ya Mama iligusa juu ya mpira. Ukajiviringisha hatua kama kumi ukasimama.

Upendo akasema, "Pole mama, ni baridi hiyo." Hakukuwa na baridi.

Shimo la nne aliingiza mipira miwili kwenye bwawa, bwawa ambalo kingo zake anazifyeka yeye. Na kila mara swing ilikuwa nzuri. Nzuri kabisa. Ungepiga picha ungeiweka ukutani.

Halafu nikaona kitu. Kabla ya kupiga, Mama alikuwa haangalii mpira. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Hivi bega limekaa?"

"Limekaa Mama."

"Na kiwiko?"

Mashimo tisa ya kwanza alitumia mikwaju 59. Kawaida yake ni kama 45.

Tulipumzika kunywa chai. Akakaa chini kwenye nyasi, akavua kofia, akawa anajipepea nayo. Nikachuchumaa karibu yake nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, rudi kwenye ile yako."

"Ipi?"

"Ya kufyeka."

"Weee! Loishiye yule pale na simu yake."

"Si ulikuwa unacheka, Mama. Hata sticker unaituma."

"Mimi nacheka, ndiyo. Wewe hukucheka." Akavaa kofia. "Sikutaka uone aibu tena mbele ya wenzako."

Nikachomoa fimbo yake kwenye begi nikamwekea mkononi.

Nikamsihi. Akakubali. Na hapo ndipo nilipoogopa kweli kweli, kwa sababu shimo la kumi alijaribu kufyeka na haikutoka. Miguu ilitaka kusogea ikajizuia, kiwiko kikabana kama bado khanga iko pale, fimbo ikachimba udongo. Shimo la kumi na moja hivyo hivyo. La kumi na mbili akajikwaa nusura aanguke.

"Mguu umesahau njia," alisema, akacheka kidogo. Nilijua anacheka ili mimi nisilie.

Nilikuwa nimemnyang'anya kitu alichokijenga miaka kumi na miwili, na nilichompa badala yake hakikuwa chake. Upendo mwenyewe alikuwa ameacha kushangilia.

Shimo la kumi na tatu, Mama akasimama kwenye mpira, akaniangalia, akashusha fimbo.

"Eli, geuka."

"Nini?"

"Geuka huko, angalia mlima. Ukiniangalia nakuwa kama nafanya mtihani."

Nikageuka. Meru ilikuwa na wingu shingoni, kilele kiko juu yake. Nikasimama na begi mgongoni kama mtoto aliyepewa adhabu. Nikasikia viatu vyake vinatafuta pa kukaa. Kisha nikasikia, "hm!"

Halafu nikasikia mlio. Anayecheza gofu anaujua. Fimbo ikiukuta mpira katikati kabisa, mlio wake ni mmoja tu, mkavu, mfupi, na hakuna namna ya kuuigiza.

Upendo akasema, "Yesu wangu!"

Nikataka kugeuka. Mama akasema, "Bado. Kaa hivyo hivyo."

Kuanzia hapo mpaka shimo la kumi na nane sikuona hata mpira mmoja wa Mama ukipigwa. Nilikuwa nafika, natoa fimbo, nageuka. Loishiye alipita na mashine yake akapiga kelele, "Eli, umefanya nini tena unasimamishwa kona?" Sikujali. Mimi niliyeishi kwa kuangalia, siku hiyo nilisikiliza tu.

Hakushinda, wakuu. Najua mngependa niandike alishinda. Alikuwa amechelewa mno. Upendo alimzidi kwa mikwaju minne.

Upendo alilia, akamkumbatia Mama, akawa anaomba samahani kama vile ameiba. Mama akamwambia, "Acha hizo. Morogoro kuna joto, beba khanga mbili, na usiazime za watu."

Usiku huo chakula kilinishinda. Nikafungua ile video ya Loishiye, ile ya aibu, nikaipunguza kasi kama ninavyofanya kwa wachezaji wakubwa. Sikuwahi kufanya hivyo kwa Mama. Nikaisimamisha pale fimbo inapokutana na mpira.

Kichwa kimetulia juu ya mpira. Mikono imetangulia kidogo. Uzito uko mguu wa mbele. Nikaweka pembeni picha ya mchezaji mmoja mkubwa, nikalinganisha. Pale kwenye sekunde moja tu ambayo mpira unaijua, walikuwa sawa. Vyote vya kabla na vya baada vilikuwa vya Mama mwenyewe. Na ukifikiria utaelewa. Fyekeo ukilishusha pabaya linagonga jiwe na kiwiko kinakufa ganzi siku mbili. Miaka kumi na miwili fyekeo lilikuwa linamfundisha kushuka mahali pamoja.

Nikalinganisha na mimi pia. Mimi nilikuwa mzuri kila mahali isipokuwa hapo.

Kesho yake jioni nilimfuata akiwa anakata majani ya ng'ombe. Kwetu kumwambia mzazi maneno ya moyoni ni kazi ngumu, hatukuzoeshwa. Nilizunguka weee, nikauliza habari za ng'ombe, mwisho nikasema, "Mama, nimekuharibia safari."

Hakuacha kufyeka. "Umeniharibia, ndiyo. Morogoro ningefika."

Nilishukuru hakunidanganya.

Akafyeka mistari kama miwili, akasimama, akajifuta uso.

"Wiki ya pili tu nilijua mpira hauendi. Unafikiri mimi sioni?"

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ningesema ungeacha kuja." Akawa anatoa nyasi kwenye makali ya fyekeo, haniangalii. "Tangu uanze kazi ukirudi unaingia chumbani na simu yako, unatoka kula. Wiki sita hizi ulikuwa unakuja kwangu moja kwa moja. Umenishika mikono kila siku. Mara ya mwisho wewe kunishika mkono ulikuwa darasa la pili, tunavuka barabara ya Moshi."

Nikasogea karibu yake.

"Haya, beba hayo majani," akasema. "Ng'ombe hajui habari za gofu."

Wakuu, nilichojifunza ni hiki, na sina hakika kama nimekimaliza kujifunza.

Bado napenda swing nyororo. Nikiiona moyo unaruka, siwezi kusema uzuri si kitu. Lakini nilikuwa nadhani uzuri ni ule unaoonekana kwa aliyesimama pembeni. Siku hizi nikimuona mtu anapiga vibaya kwa macho yangu, kwanza naangalia mpira umekwenda wapi, halafu najiuliza mwili wake umefundishwa na kazi gani. Mara nyingi nagundua mimi ndiye sikuwa najua kuangalia.

Na kabla ya kumrekebisha mtu, muulize kama kuna kitu kimeharibika. Mama aliniuliza swali hilo hilo siku ya kwanza, na jibu nilikuwa nalo mdomoni. Haina ugonjwa. Nilisema mwenyewe na sikujisikia.

Jumatatu iliyopita nilicheza mashimo yote kumi na nane. Mikwaju 106. Mingi mno kwa mtu mwenye swing kama yangu, na mitatu niliipigia nyuma ya mti huku Loishiye akinihesabia kwa sauti. Niliirudisha kadi nzima, na jina langu liko chini kabisa ya orodha ukutani kwa wiki nzima. Mama alicheza 87. Nilimbebea begi, na siku hizi ananiruhusu kuangalia.

Wataalamu wa gofu mlioko humu, nikosoeni kuhusu hiyo swing, nitasoma kila kitu. Na wewe ambaye gofu huijui kabisa lakini umewahi kumnyoosha mzazi wako kitu ambacho hakikuwa kimepinda, iwe lafudhi yake, mapishi yake au mavazi yake, kaa hapa useme ilikuwaje. Hasa kama uliwahi kumwomba radhi. Nataka kujua ulianzaje sentensi ya kwanza.